Biashara ya nyumbani mwaka ukigeuka: mali hii ni ya nani?

Leo tumekusudia kuzungumzia jambo lililomo ndani ya nyumba nyingi za wasomaji wetu, pengine ndani ya nyumba hiyo hiyo ambamo gazeti hili linasomwa. Jambo hilo ni biashara inayoendeshwa nyumbani, na hisabu yake pale mwaka unapogeuka.

Biashara hizi kila mmoja wetu anazijua. Pita mtaa wowote wa Temeke au Magomeni, pita Tanga mjini au Ng'ambo kule Unguja, utaona karatasi iliyobandikwa mlangoni kutangaza barafu, ubuyu na maji baridi. Ingia ndani utamkuta mama na ungo wa vitumbua tangu kabla ya alfajiri, binti na cherehani la mabuibui, na bibi anayetengeneza udi wa kufukiza. Wako wanaooka keki za harusi, wanaouza madera na mashuka, wanaofuga kuku wa mayai uani, na wanaopaka hina sebuleni. Wako na akina baba pia, fundi wa simu anayefanyia kazi barazani na mwalimu wa tuisheni mwenye ubao ukutani. Zamani mteja alikuwa jirani tu. Tangu fedha zianze kupita katika simu (M-Pesa ilianza Kenya mwaka 2007, na hapa Tanzania mwaka 2008) mteja anaweza kuwa Morogoro, akaona picha ya dera asubuhi, akatuma fedha mchana, na mzigo ukapanda basi jioni. Na ule mwaka 2020 wa maradhi ya corona uliwarudisha nyumbani watu wengi ambao hadi leo hawajaona sababu ya kwenda tena kupanga fremu.

Sisi hatumo katika wale wanaoidharau kazi hii. Mama wa Waumini Zaynab bint Jahsh (R.A.) alikuwa akifanya kazi kwa mkono wake, akitengeneza ngozi, na kile alichokipata akikitoa sadaka. Bibi Aisha (R.A.) ndiye aliyemshuhudilia hilo. Mwanamke aliyekuwa katika nyumba ya Mtume (S.A.W.) mwenyewe hakuona aibu kunuka ngozi mikononi, basi na sisi tusimuonee aibu mke anayenuka mafuta ya sambusa.

Linalotushughulisha ni jingine. Duka lina mlango wake, na mwenye duka akifunga jioni anajua kilichobaki ndani na kilichotoka. Biashara ya nyumbani haina mlango huo. Unga wa maandazi na unga wa ugali umo ndani ya ndoo moja, mtungi wa gesi ni mmoja, na simu inayopokea fedha za wateja ndiyo hiyo hiyo inayonunuliwa umeme na kutumiwa wazazi kijijini. Mtoto akirejeshwa kwa kukosa mchango wa shule, mkono unaingia katika kopo la mauzo. Mgeni akija, samaki wa kuuza anageuka kitoweo. Hivyo ndivyo siku zinavyopita, hata mwaka unakwisha, na ukimuuliza mwenye biashara mwaka wake ulikuwaje atakujibu, "Alhamdulillahi, tunasukuma." Kushukuru ni wajibu wetu, lakini ukiendelea kumuuliza alianza na shilingi ngapi, leo ana ngapi, anadai kwa nani na anadaiwa na nani, utakuta hajui. Na mumewe hajui. Na watoto waliochoka kupeleka mizigo hawajui.

Watu hudhani kuwa hasara ya kutojua huku ni ya kibiashara tu, yaani mtaji kuliwa. Sisi tunaona kuwa hiyo ni hasara ndogo. Hasara kubwa ni kwamba katika mchanganyiko huo mtu hula mali ya mwenzake bila kujua, au akijua lakini akijificha nyuma ya kutojua. Na Mwenyezi Mungu (S.W.) ametukataza, katika Suratul-Baqara aya ya 188 na katika Suratun-Nisaa aya ya 29, tusiliane mali zetu kwa batili. Makatazo hayo hayakutoa ruhusa kwa watu wanaolala chini ya paa moja.

Tuanze na masurufu ya nyumba, kwa kuwa hapo ndipo mambo yanapoharibika kwanza. Nafaqa ya mke na watoto ni juu ya mume, awe mke ni fukara au ni tajiri. Suratut-Talaq aya ya 7 imemtaka mwenye wasaa atoe kwa kadiri ya wasaa wake, na aliyebanwa atoe katika kile alichopewa. Haikusema kuwa mke akianza kuuza juisi basi amri imeondoka. Lakini tazama yanavyotokea. Mwezi wa kwanza wa biashara mume anafurahi na kumsaidia mkewe kubeba ndoo. Mwezi wa tatu anasahau sukari, kwa kuwa sukari ya biashara ipo. Mwezi wa sita hanunui gesi. Mwaka ukimalizika, ada ya shule, dawa, na hata nguo za Idi zinatoka katika kopo la mama, na biashara imekuwa ndiyo mume wa nyumba ile. Hakuna siku ambayo wawili hao walikaa wakakubaliana hivyo.

Hatusemi kuwa mke asimsaidie mumewe. Wako waume walioachishwa kazi, wako walio wagonjwa, na wako wanaotoka alfajiri na kurudi usiku na bado hakitoshi. Katika Bukhari na Muslim imo habari ya Zaynab, mke wa Abdullah bin Mas'ud (R.A.), aliyekwenda kumuuliza Mtume (S.A.W.) iwapo itamfaa kuitoa sadaka yake kwa mumewe na kwa mayatima aliokuwa akiwalea. Akajibiwa kuwa atapata malipo mawili, malipo ya udugu na malipo ya sadaka. Wahubiri wetu huipenda hadithi hii wanapowahimiza wanawake kutoa, na ni haki yao kuihubiri. Lakini tunawaomba waisome hadi ndani yake. Mtume (S.A.W.) aliita kile alichokitoa mke kumpa mumewe kuwa ni sadaka, na mtu hatoi sadaka isipokuwa kwa mali iliyo yake. Lau mali ya mke ingekuwa ya mume, mume angekuwa anachukua kilicho chake, na swali lenyewe lisingekuwapo. Basi mke anayetoa ajulikane kuwa ametoa, ashukuriwe, naye ajue kuwa ametoa kwa ajili ya Mola wake au amekopesha. Kama amekopesha, iandikwe. Na katika madhehebu ya Imamu Shafi (R.A.) yanayofuatwa na wengi wetu katika pwani hii, nafaqa ya mke iliyopita bila kutolewa haifutiki kwa kupita siku zake, bali inabaki kuwa deni juu ya mume. Wangapi kati yetu wanaijua hukumu hiyo, na ilhali wanajua vizuri hukumu ya mke asiyemtii mumewe?

Tunakuja sasa katika jambo lililotufanya tushike kalamu. Katika mwaka uliopita tuliletewa mgogoro wa familia moja, ambayo hatutaitaja wala mji wake. Mume alifariki dunia, Mwenyezi Mungu amrehemu. Ndani ya nyumba mlikuwa na mafriza mawili, oveni, mzani, magunia kadhaa ya unga na sukari, na akiba katika simu. Mjane alikuwa akioka mikate na keki kwa zaidi ya miaka kumi. Arubaini haijafika, ndugu wa marehemu walikwisha kuandika kila kitu katika orodha ya mirathi. Mjane akasema vitu hivi ni vyangu. Shemeji yake akamjibu kwa adabu kabisa, "Shemeji, hatukukatalii, lakini tuoneshe kitu." Hakuwa na kitu cha kuonesha. Risiti za mafriza ziliandikwa jina la marehemu kwa sababu yeye ndiye aliyekwenda Kariakoo kuyanunua, kwa fedha alizopewa na mkewe mkononi, usiku, wakiwa wawili peke yao. Mirathi ikagawiwa. Kwa kuwa marehemu aliacha watoto, mjane alipata sehemu yake ya moja ya nane, kama ilivyo katika Suratun-Nisaa aya ya 12. Maana yake ni kuwa alirithishwa thumni ya mali aliyoichuma kwa mikono yake mwenyewe.

Mgawanyo ule, kwa hesabu zake, ulikuwa sahihi. Kosa halikuwa katika mafungu ya mirathi. Kilichogawiwa ndicho ambacho hakikuwa cha marehemu.

Na asije mtu akafikiri kuwa dhulma hii inakwenda upande mmoja tu. Lilitujia na suala la kinyume chake. Mtaji wote ulikuwa wa mume, aliouza kiwanja cha urithi akanunua vitambaa na vyerehani vitatu, na mke wa pili akawa msimamizi. Mume alipofariki, msimamizi akasema biashara ni yangu, mimi ndiye ninayejulikana na wateja. Mayatima wa mke wa kwanza walikaribia kukosa haki yao. Mwenyezi Mungu amewatisha wanaokula mali za mayatima kwa dhulma, katika sura ile ile ya Nisaa, aya ya 10, kitisho ambacho mwenye kukisoma kwa moyo hawezi kuushika uzi wa mali ile.

Qur'ani, katika Suratun-Nisaa aya ya 32, imewawekea wanaume fungu katika walichokichuma na wanawake fungu katika walichokichuma. Ndoa haikuyavunja mafungu hayo. Hata sheria ya nchi haikuyavunja, kwa kuwa Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, kifungu cha 58, inaeleza kuwa ndoa haibadilishi umiliki wa mali ya yeyote kati ya wanandoa. Kwa hiyo sheikh na hakimu wote wawili wanamuuliza mjane swali moja: ni nini kinachoonesha kuwa hiki ni chako? Na jibu la swali hilo haliandaliwi siku ya msiba.

Linaandaliwa kwa wanandoa kujua wamefunga mkataba gani. Ikiwa mtaji na kazi ni vya mke, biashara ni yake, na kama anatumia chumba au umeme wa mume, basi mume amemruhusu au wamepatana malipo. Ikiwa mtaji ni wa mume na mke anafanya kazi, hapo pana maswali. Je, mke amejitolea? Je, anastahiki ujira, na ni kiasi gani? Wakati mwingine wote wawili wameweka fedha, na hiyo ni sharika, ambayo lazima ijulikane kila mmoja aliweka kiasi gani na faida inagawiwaje.

Hapa tuingize jambo moja la kifiqhi ambalo wanafunzi wetu wa madrasa hupenda kulijadili. Wengi husema, mume atoe fedha na mke afanye kazi, wagawane faida, hiyo ni mudharaba na imekwisha. Lakini Imamu Nawawi katika Minhaj, kitabu kinachosomeshwa katika darasa zetu za pwani, ametaja kuwa mtu akimpa mwenzake fedha kwa sharti anunue ngano aisage na aioke mikate, au anunue nyuzi afume kisha auze, mkataba huo wa qiradh haukusihi. Sababu yake ni kuwa qiradh imeruhusiwa kwa kazi ya kununua na kuuza, ambayo malipo yake hayawezi kupangwa mapema, ama kusaga na kuoka ni kazi zinazojulikana na mtu anaweza kuajiriwa kwazo. Wako wanazuoni wa madhehebu mengine, miongoni mwao Mahanbali, waliolegeza katika mlango huu. Lakini ona jinsi wazee wetu walivyolifikiria suala la mama muoka mikate karne nyingi kabla ya friza na oveni, na jinsi walivyoogopa kazi ya mikono yake isipotee ndani ya jina la faida. Kwa mume wa Kishafi aliyetoa fedha za unga, njia nyepesi ni kumkopesha mkewe mkopo mwema usio na ziada na kumuachia biashara iwe yake, au kuifanya biashara yake mwenyewe na kumlipa mkewe ujira unaojulikana.

Baada ya kujua mkataba, linafuata daftari. Aya iliyo ndefu kuliko zote katika Qur'ani tukufu, ya 282 katika Suratul-Baqara, haikuzungumzia Sala wala Hija. Imezungumzia kuandikiana deni, ikataka pawe na mwandishi muadilifu na mashahidi, na ikatutahadharisha tusichoke kuandika, liwe dogo au kubwa. Tunawajua watu wanaoihifadhi aya hii kwa tajwidi safi, na jirani amechukua maandazi kwa mkopo mwezi mzima na hakuna mstari hata mmoja ulioandikwa. Kisha wanagombana mlangoni, huyu anasema ni elfu nane na yule anasema ni elfu tano, na ujirani wa miaka ishirini unakufa kwa shilingi elfu tatu. Kama deni lingekuwa limeandikwa, mwenye kudai angeweza hata kusamehe kwa kujua anachokisamehe, au kumpa mwenzake muda, kama alivyoamrishwa katika aya ya 280, pindi mdaiwa akiwa katika dhiki.

Daftari lenyewe halihitaji elimu ya uhasibu. Daftari la mtoto wa shule la kurasa 96 linatosha mwaka mzima kwa biashara nyingi. Upande mmoja kinachoingia, upande mwingine kinachotoka, na nyuma majina ya wanaodaiwa. Muhimu zaidi ni kuandika kile ambacho nyumba imekichukua. Watoto wamekula sambusa 10, andika. Mgeni amekunywa juisi, andika. Wako watakaosema huu ni uchoyo. Sio uchoyo, kwani hatujasema wasipewe. Tumesema ijulikane waliyempa ni nani. Na kwa fedha za simu, aliye na uwezo awe na laini mbili, moja ya nyumba na moja ya biashara, au achukue lipa namba ya biashara kwa mtandao anaoutumia, ili jumla ya mauzo isichanganyike na fedha ya mchango wa harusi ya binamu.

Mwenye daftari ndiye pia atakayeiona riba kwa macho yake. Tumekwisha kuandika mara nyingi juu ya ile mikopo ambayo watu wenyewe wameipa jina la kausha damu, na jina hilo linatosha kuieleza. Mama hukopa asubuhi kwa karatasi ya kurasa mbili ambayo hakuisoma, na jioni anaanza kurejesha. Tuchukulie mfano tu. Amepewa shilingi 200,000, arejeshe 260,000 ndani ya siku 30. Anaona ziada ya 60,000 kuwa ni jambo la kuvumilika, kwa kuwa anailipa kidogo kidogo kila siku. Akimaliza anachukua tena. Akifanya hivyo miezi 12, ametoa ziada ya shilingi 720,000 kwa mtaji wa laki mbili, na ule mtaji wenyewe bado si wake. Asiye na daftari hawezi kuliona hilo, anachokiona ni uchovu tu. Uharamu wa riba hautegemei hisabu hiyo, kwani ni haramu hata kama ingekuwa ya shilingi moja, lakini aliyezoea kuambiwa haramu pengine atashituka akiambiwa laki saba.

Wanaouliza njia mbadala tunawaambia kuwa zipo, japo hazina haraka. Halmashauri zetu zinatakiwa kisheria kutenga asilimia 10 ya mapato yao ya ndani kwa ajili ya mikopo isiyo na riba, asilimia 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Mikopo hiyo ilisimamishwa mwaka 2023 ili utaratibu wake urekebishwe, kisha ikarejeshwa mwaka 2024. Inatolewa kwa vikundi vilivyosajiliwa, na hapo ndipo akina mama wengi wa nyumbani wanapokwama, kwa sababu hawajasajili kikundi. Misikiti yetu ingeweza kuwasaidia katika hilo kuliko inavyofanya sasa. Upo pia mchezo wa kupeana zamu, ambao hauna tatizo madamu kila mmoja anapokea sawa na alichotoa. Na wako matajiri wa Kiislamu wanaoweza kutoa mkopo mwema, ingawa hao tukiwasema sana siku ya Ijumaa hutoka kabla ya dua.

Liko jambo la nyakati. Suratun-Nur aya ya 58 imetaja nyakati tatu za faragha ambazo hata watumwa na watoto wa ndani ya nyumba walitakiwa wabishe hodi kabla ya kuingia: kabla ya Sala ya alfajiri, adhuhuri watu wanapovua nguo zao kupumzika, na baada ya Sala ya isha. Ikiwa walio ndani walitakiwa hivyo, mteja wa barafu vipi? Nyumba nyingi zenye biashara zimepoteza nyakati zote tatu. Mteja anagonga dirisha saa nne usiku, baba amejilaza, binti anatoka na khanga moja. Saa za kuuza ziandikwe mlangoni pamoja na bei, na baada ya isha dirisha lifungwe. Wateja wataudhika wiki moja kisha watazoea, kwani hata benki wamezizoea.

Na watoto. Mwaka ukigeuka, pamoja na kuhesabu unga, mzazi amhesabie mtoto wake siku alizokosa madrasa kwa sababu ya oda ya harusi, na usiku aliolala saa sita akifunga ubuyu katika vipakiti. Mtoto kuwasaidia wazazi ni katika malezi mema, na wengi wetu tumelelewa hivyo. Lakini mtoto wa miaka tisa anayetembeza karanga stendi hadi magharibi si msaidizi tena.

Sasa siku yenyewe ya hisabu. Kwa wale wenye mali iliyofikia nisabu, Mwenyezi Mungu amekwisha kuwapangia, kwa kuwa zaka ya mali ya biashara hutolewa kila mwaka, na mwaka wake ni wa mwezi muandamo, wenye siku 354 au 355, mfupi kwa siku kama 11 kuliko wa kalenda ya ukutani. Aliyeanza biashara mwezi wa Shaabani, siku yake ni Shaabani, hata kama watu wengine wote wanasubiri Ramadhani. Akae na mwenza wake na watoto waliobaleghe, baada ya alasiri, simu zikiwa pembeni. Wahesabu bidhaa zilizopo kwa bei ya soko ya siku ile, si kwa bei ya matumaini. Waongeze fedha taslimu na zilizomo katika simu. Waongeze madeni wanayotaraji kulipwa. Friza, oveni, cherehani na mzani havihesabiwi katika zaka, kwa kuwa ni vyombo vya kazi na si vya kuuzwa. Wengi huvihesabu, wakaiona zaka nzito, wakaiacha yote.

Mfano, muuza vitambaa wa nyumbani akikuta bidhaa za shilingi 6,500,000, fedha 1,100,000 na madeni mazuri 400,000, jumla yake ni 8,000,000. Jumla hiyo ailinganishe na thamani ya gramu 85 za dhahabu, au gramu 595 za fedha kwa wanazuoni wanaokadiria kwa fedha kwa kuwa ina manufaa zaidi kwa mafukara, kwa bei ya siku hiyo. Ikifika, zaka yake ni asilimia mbili na nusu, yaani shilingi 200,000. Kwa Mashafi nisabu ya biashara hutazamwa mwisho wa mwaka, hivyo kushuka kwa mtaji katikati ya mwaka hakumtoi. Ama mama wa vitumbua ambaye jumla yake ni shilingi elfu 90, huyo hana zaka ya biashara, na asilazimishwe na mtu yeyote. Lakini siku ya hisabu na yeye anaihitaji, pengine kuliko yule wa vitambaa, kwa kuwa elfu 90 ikipotea hana nyingine.

Siku hiyo hiyo, kabla hawajainuka, iandikwe karatasi moja. Iseme kuwa friza hili na oveni hii ni mali ya fulani binti fulani, na mtaji wa tarehe hii ni kiasi hiki, na mume ana deni lake ndani yake kiasi hiki au hana. Waweke saini wote wawili na mashahidi wawili waadilifu. Nakala moja ibaki nyumbani na nyingine apewe mzee wa familia au imamu wa msikiti. Kila mwaka ibadilishwe, kwa sababu mali hubadilika.

Baadhi ya waume wametuuliza kama karatasi hiyo si wasia, na hali wasia kwa mrithi haufai ila warithi wengine wakiridhia. Jibu letu ni kuwa si wasia. Wasia ni kutoa kilicho chako baada ya kufa kwako. Hii ni ikrari, yaani kukiri kuwa kilichomo ndani ya nyumba yako si chako. Ikrari ya mtu mzima mwenye akili na afya yake inakubaliwa. Ama ikrari ya mgonjwa wa maradhi ya mauti kwa mrithi wake, wanazuoni wamekhitalifiana, wako walioikubali na wako walioikataa kwa kuhofia upendeleo. Kwa hiyo anayetaka kuandika na aandike sasa, akiwa bado anakwenda msikitini kwa miguu yake.

Wallahu a'lam.